Mzee Sitaki na Mtani Wangu wa Mwanjelwa

Neno lililotakiwa lilikuwa "hapana", na sikulisema. Ninyi mnanijua kwa jina la Mzee Sitaki, mtu aliyekataa kila kitu mbele ya macho ya nchi nzima. Alikataa choo, alikataa mbolea, alikataa mkwe, alikataa dawa akiwa kitandani. Siku moja tu katika maisha yangu nilipaswa kukataa kwa kweli, na siku hiyo nikasema, "Sawa, mkuu."

Ilikuwa Iringa, miaka ya sabini, nyuma ya ukumbi wa mikutano. Nilikuwa nimetoka jukwaani na bado nafuta masizi niliyojipaka kidevuni kuwa ndevu. Akaingia bwana mmoja mwenye suti ya mikono mifupi, akajitambulisha kuwa ni mwongozaji wa sinema za mafunzo, zile zilizokuwa zikizungushwa vijijini na gari la sinema.

"Yule mzee mbishi uliyemwigiza," akasema, "namtaka kwenye sinema yangu."

"Naweza kukutengenezea mzee mwingine. Yule ni wa hapa hapa tu."

"Mwingine wa nini? Huyo huyo. Hivyo hivyo anavyofumba jicho, hivyo hivyo anavyopandisha suruali. Usibadilishe kitu."

Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Yule mzee alikuwa mtu hai. Alikuwa fundi viatu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, na alikuwa rafiki yangu. Aliniruhusu nimwigize kwa sababu yeye alikuwa Mngoni na mimi ni Mhehe, na baina ya watu hao wawili kuna utani. Nikajipapasa mifuko, kama mtu anayetafuta ufunguo. Kisha nikakubali.

Nitarudi hapo. Vijana mnaokuja kwangu Ilomba, Mbeya, na simu zenu, mkitaka nichekeshe dakika moja mtume mitandaoni, mmenisumbua niandike namna kazi hii inavyofanywa. Basi nawaandikia, na nikiandika kazi siwezi kuiruka habari ya fundi huyo, kwa sababu nusu ya ninachokijua alinifundisha yeye.

Nianze na kushindwa kwangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi Mbeya ya ukarani katika ghala la mahindi. Ghala letu lilikuwa na kikundi cha sanaa cha wafanyakazi: ngoma, kwaya, na katikati kichekesho ili wacheza ngoma wapate kupumua. Nilikuwa nimesoma, kwa hiyo nikadhani kuchekesha ni maneno. Nikaandika kichekesho kirefu cha mwizi wa kuku anayejitetea mahakamani, kimejaa maneno mazuri mazuri. Nikasimama mbele ya watu wa Mbeya, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga, Wabena, kila mmoja ameacha lugha yake nyumbani na kuja na Kiswahili cha kazini. Nikamwaga maneno yangu. Kimya.

Mbele kulikuwa na mama mmoja anayemfasiria jirani yake kwa Kisafwa. Alikuwa mfasiri mwaminifu sana. Nilipofika mahali pa huzuni, pale mwizi anapomwombea mama yake mgonjwa, ndipo ule utani wa mwanzo ulipomfikia jirani, na jirani akaangua kicheko peke yake ukumbi mzima. Wengine wakamcheka yeye. Mimi nikadhani wanamcheka mama wa mwizi, nikakasirika jukwaani, nikamaliza kama hakimu.

Lishikeni hili. Mbele ya watu ambao lugha yako ni ya pili kwao, neno huchelewa kufika lakini mwili hufika mapema. Tangulieni na mwili. Neno lije baadaye kuthibitisha tu.

Kesho yake kiatu changu kilikuwa kimeachia soli, nikakipeleka Mwanjelwa. Nilimkuta fundi amekaa kwenye kreti la soda, mtu mfupi, mpana, mikono imejaa gundi. Walimwita Baba Fausta, kwa jina la binti yake mkubwa. Akanitazama.

"Wewe ndiye uliyekuwa unalia jukwaani jana?"

"Sikuwa nalia. Nilikuwa nachekesha."

"Aa! Basi samahani. Mimi nilikuwa natafuta wafiwa niwape pole."

Nikauma meno. Akageuza kiatu changu. "Mtu wa wapi wewe?"

"Iringa."

"Mhehe?"

"Mhehe hasa."

Akaweka kiatu chini taratibu, akasimama, akanivua kofia kichwani na kuivaa yeye. "Mimi natoka Songea. Kofia hii imerudi kwa mwenyewe. Babu yako aliiangusha akimkimbia babu yangu."

Kwa ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze kidogo. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, na walipochoka kupigana waliachiana utani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu, kukuita mateka wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa ya kujibu tu. Nami nikajibu bila kufikiri:

"Babu yangu hakuiangusha. Alimpa babu yako afunike upara, maana alikuwa anasalimu amri na jua linawaka."

Kibanda cha pili walicheka. Mama muuza dagaa akacheka mpaka akashika ndoo. Baba Fausta akafumba jicho moja, akanielekezea kidole chenye gundi.

"Umeona? Hapo umechekesha. Jana ulikuwa unasoma hukumu. Chukua kofia yako, mateka wangu, na kiatu uje kesho. Nitakishona vibaya makusudi."

Tangu siku hiyo nilipita pale kila nilipotoka ghalani. Nikishafanya onyesho, kesho yake nilikwenda kuchukua matusi yangu. "Mhehe, jana umecheka kabla yetu. Ukicheka wewe, sisi tucheke nini?" "Mhehe, ule mlango uliofungua jukwaani ulifunguka kwa kuvuta, ukaufunga kwa kuvuta. Mlango gani huo, wa kwenu?" Hakukosea hata siku moja. Wenzangu wa kikundi walinipigia makofi kwa sababu ni wenzangu, na meneja alinisifu kwa sababu ghala lilisifiwa. Yeye alinitukana kwa sababu nimekosea, na matusi yake yalikuwa yamepimwa vizuri kuliko sifa za wote.

Siku moja nilimwuliza namna ya kumwigiza mtu. Nilikuwa nahangaika na sauti ya mwenyekiti wetu.

"Achana na sauti," akasema. "Sauti hata kasuku anaiweza. Anza na kiatu."

Akanipa kiatu cha mteja, akaniambia nitazame soli. Imeliwa wapi? Kisigino upande wa nje? Huyo anatembea kama anayesukuma mlango kwa bega. Imeliwa mbele, kisigino kizima? Huyo daima anachelewa, au ana deni. Imeliwa kiatu kimoja kuliko kingine? Mtafute mzigo anaobeba. Nikivaa viatu vya wateja waliolingana na mguu wangu na kutembea katikati ya vibanda, wauza nyanya walikuwa wakikisia mwenye kiatu ni mtu gani. Mara moja nilivaa pea iliyochakaa vibaya mno, nikaitembeza kama mlevi anayerudi nyumbani. Mwenyewe akaja kuchukua. Kumbe ni katekista.

Nikaona aibu. Baba Fausta akangoja katekista aondoke. "Hukukosea," akasema. "Umewahi tu. Ngoja jioni."

Mpaka leo nikiletewa mtu wa kuigiza natazama miguu yake kwanza. Waigizaji wengi mnaanzia usoni, ndiyo maana wahusika wenu wote wanatembea sawasawa.

Nitaje na baridi, kwa maana wengi wenu mnafanya maonyesho Mbeya mwezi wa saba na kurudi mkilalamika. Makofi ya Mbeya mwezi wa saba hayasikiki kwa sababu mikono imo ndani ya makoti. Mwaka wa kwanza nilidhani wananichukia. Baadaye nikajifunza kuingia jukwaani nikitetemeka kuliko wao wote, meno yanagongana, nikiwaomba wanipigie makofi nipate moto. Walitoa mikono mifukoni kwa huruma, na mkono ukishatoka haurudi upesi.

Iringa ni kinyume. Msimu wa ulanzi, pombe ile ya mianzi ikishaingia kichwani, mtu anacheka kabla hujafungua mdomo, na akishacheka anataka kukusimulia cha kwake. Msigombane naye. Mpeni kazi. Mimi nilikuwa namkabidhi mlevi mkubwa kuliko wote kofia yangu, nikimwambia mbele ya watu, "Mzee wangu, hii ni mali ya serikali, usiipe mtu." Alikaa nayo magotini kama mlinzi wa benki mpaka mwisho wa onyesho, na akamnyamazisha kila aliyepiga kelele.

Sasa huyo mzee mbishi. Baba Fausta alikuwa na namna yake ya kukataa mteja akipunguza bei. Mikono ina gundi, hawezi kushika nguo. Basi alikuwa anapandisha suruali kwa viwiko, kulia kisha kushoto, anafumba jicho moja, anavuta pumzi puani, halafu anasema kwa upole kabisa, "Aaa-a. Sitaki mimi." Mteja alikuwa anacheka, na akishacheka analipa. Niliiona mara nyingi mno, sikuweza kuiacha. Nikaipeleka jukwaani, nikamfanya mzee anayekataa kuondoka katikati ya barabara huku magari yanapiga honi.

Habari zilimfikia. Onyesho lililofuata nikamwona amekaa mstari wa mbele, kofia kichwani, mikono imeoshwa. Nikafanya hivyo hivyo. Nilipofika kwenye viwiko, akasimama. Akapanda jukwaani, akachukua kalamu niliyoisahau sikioni tangu ghalani, akaiweka sikioni mwake, akaanza kuhesabu magunia yasiyokuwapo: analamba kidole, anahesabu, anapiga chafya ya vumbi la mahindi, anasahau, anaanza tena, analamba kidole kile kile chenye vumbi. Alikuwa ni mimi. Alikuwa mimi kuliko nilivyo. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba nikihesabu huwa nasimama kama kuku aliyeloa.

Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Sijapata kusikia tena kicheko kama kile, si ukumbini wala popote.

Tukawa tunafanya hivyo mara kwa mara. Mimi namwigiza, yeye anainuka kutoka kwa watazamaji kuja kunilipa. Tulimwomba ajiunge na kikundi, akakataa kwa viwiko. "Mimi ni fundi. Hapa naja kudai heshima yangu, nikishaipata narudi nyumbani." Watu wa Mbeya waliojua wakawa wanangoja ile nafasi ya yeye kuinuka, na kule Iringa, ambako hakuwapo, nilikuwa nafanya nusu ya kichekesho. Iringa hawakujua kwamba ni nusu. Mwongozaji naye hakujua. Aliona nusu akaipenda.

Sinema tuliipigia kijijini, si mbali na Mbalizi. Ninajivunia nilichojifunza pale, na sitajifanya sivyo. Kamera ni mtu aliyekaa karibu nawe sana na hacheki. Mtu wa jukwaa anapomwona mtu asiyecheka anaongeza nguvu, na hapo ndipo anapoharibu. Siku ya kwanza nilipiga kelele mpaka mbuzi wa kijiji wakakimbia. Mwongozaji akaja, akaniambia, "Jicho moja linatosha. Viwiko punguza nusu." Sikuweza mpaka nilipojifanya naongea na Baba Fausta, amekaa kwenye kreti lake hatua chache kutoka kwangu, ananisubiri nikosee. Hapo nikatulia. Wale waliosema niliigiza vizuri katika sinema ile walisema kweli.

Siku ya pili nilipewa karatasi za sehemu iliyobaki. Hadi hapo nilijua tu kwamba Mzee Sitaki anakataa kuchimba choo na jirani zake wanamcheka. Kumbe mwishoni mtoto wake wa kiume anaugua tumbo kwa ajili ya uchafu, anakufa, na Sitaki anashika jembe akilia.

Baba Fausta alikuwa na mtoto wa kiume, mdogo wake Fausta. Alikufa kwa surua kabla sijaingia kwenye sinema. Nilikwenda mazikoni, nilisaidia kufukia. Nilisimama pale Mbalizi na karatasi mkononi nikiijua habari hiyo yote. Ningeweza kumwambia mwongozaji kwamba nabadilisha mzee. Nilikuwa na miendo mingine mingi, ya wateja wote wa kile kibanda. Ingenichukua asubuhi moja kumvua Sitaki vile viwiko na kumpa mgongo wa mtu mwingine. Lakini mwongozaji alikuwa amesema nisibadilishe kitu, na mimi nilitaka kuonekana. Nikajiambia: huyu ni mtani wangu, atanitukana wiki nzima, yataisha. Nilidhani utani unabeba mzigo wowote utakaoupakia.

Gari la sinema likaondoka. Walikuwa wanafunga shuka jeupe baina ya nguzo mbili, wanawasha jenereta, na giza likiingia kijiji kizima kiko chini ya shuka. Nilisafiri nalo sehemu ya kwanza, ili watu wamwone Sitaki mwenyewe. Usangu, kwa wafugaji waliokuwa wamehamia na mifugo yao kutoka kaskazini, hawakunicheka mimi hata kidogo. Walimcheka ng'ombe wa Sitaki, aliyeonekana kwenye sinema amekonda mbavu nje. Mzee mmoja akanijia mwishoni akanishika bega kwa huruma. "Mwanangu, choo ni sawa. Lakini yule ng'ombe atakuua kwa aibu." Vijijini Iringa watoto walinifuata wakipandisha kaptula kwa viwiko. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, nami sitaki kuwadanganya juu ya hilo.

Gari lilipofika Mwanjelwa sikuwapo, nilikuwa Iringa nikialikwa huku na huko. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja sokoni, nimeandaa matusi njia nzima.

"We mateka!" nikapaza sauti toka mbali. "Bosi wako nimerudi na kibanda hakijafagiwa?"

Mama muuza dagaa aliniangalia, akainama kupanga dagaa zake. Baba Fausta akasimama. Akafuta stuli kwa kitambaa.

"Karibu, bwana. Za safari?"

Nikacheka. "Bwana nani? Umekunywa gundi?"

"Karibu ukae. Nikusaidie nini?"

Nikajaribu tena. Nikamwambia babu yake alikuwa na mbio kuliko gari. Nikaichukua kofia yake nikaivaa. Alinyoosha mkono, akangoja, kama unavyomngojea mtoto wa mgeni amalize kuchezea kitu chako. Nikamrudishia. Kijana mmoja akapita na mkokoteni wa kabichi, akapiga kelele, "Sitaki! Choo umechimba?" akapandisha suruali kwa viwiko. Baba Fausta hakumtazama. Mikono yake ilikuwa na gundi, na suruali ilikuwa imeteremka, na aliiacha.

Mkewe, Mama Fausta, alikuwa nyuma ya kibanda akikata mipira ya matairi ya kushonea katambuga. Ndiye aliyenieleza.

"Shemeji, kule bombani wananiuliza kama ni kweli."

"Kweli nini?"

"Kwamba mwanangu alikufa kwa uchafu. Wanasema wameona. Wanasema baba yake ameonyeshwa mpaka anavyolia." Hakuwa analia yeye. Kisu chake kiliendelea kukata. "Nawaambia ilikuwa surua. Wananiambia, mbona sinema imesema tumbo?"

Choo chao kilikuwa cha tofali za kuchoma. Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wanaazima ufunguo wake.

Nikasema nitapanda jukwaani niwaeleze watu wote kwamba Sitaki si yeye. Baba Fausta akatikisa kichwa, kwa adabu.

"Utawaeleza wa hapa, bwana. Gari limeshafika Makambako."

"Basi nitukane! Nitukane hapa, watu wasikie. Nimekosa."

"Tulikuwa tunatupiana," akasema. "Wewe unatupa, mimi natupa. Pale kwenye shuka ulinitupia na mimi sikuwapo. Nikainuka nikujibu, nikakuta ni kitambaa." Akachukua kiatu cha mtu, akakigeuza kutazama soli. "Sasa nitakujibu lini tena? Na wapi?"

Nikainuka, nikaenda zangu.

Nilirudi kwake mara nyingi. Viatu vyangu vyote nilivishonesha kwake, vizuri kabisa, hakuna tena kilichoshonwa vibaya makusudi. Kila mara, "Karibu, bwana," na, "Nashukuru, bwana." Mngoni na Mhehe wakisalimiana kwa heshima namna hiyo, vijana, mjue hapo pamekufa kitu. Mama Fausta aliacha kuniita shemeji. Mwongozaji alipokuja kutaka sinema ya pili ya Sitaki, ile ya mbolea, nilikwenda. Hoja yangu ilikuwa kwamba ubaya umeshafanyika, na watu wanamtaka. Nilikuwa nimeacha ukarani kwa kutegemea jina hilo.

Nilijaribu pia kurudi jukwaani Mbeya. Nilifika pale pa viwiko, nikangoja bila kutaka. Watu nao wakangoja. Waliojua walikuwa wanatazama mstari wa mbele. Hakuinuka mtu. Nikamalizia peke yangu, wakapiga makofi ya heshima, na sikurudi tena kufanya kichekesho mbele ya watu.

Televisheni zilipoanza huku bara miaka mingi baadaye, vijana waliokuwa wamemwona Sitaki wakiwa watoto chini ya lile shuka walikuwa wakubwa, wamepata kamera. Wakanitafuta. Nikawa baba mkwe mbishi, mwenye nyumba mbishi, mgonjwa mbishi, mchungaji mbishi. Majina yalibadilika, viwiko vilikuwa vile vile. Ndivyo mlivyonijua ninyi. Nikimaliza kuigiza, waongozaji walisema, "Safi sana, mzee." Walisema hivyo nilipokuwa safi na walisema hivyo nilipokuwa nimechoka, nimesahau maneno, nimeingia kwa mlango na kutoka kwa ukuta. Nilikuwa natazama huku na huku baada ya kila tukio nikitafuta uso wa kuniambia ukweli, na wote walikuwa wanatabasamu.

Msidhani nawakataza kuigiza watu walio hai. Hakuna watu wengine wa kuigiza. Ila mnapomchukua mtu, mhakikishe anaweza kuinuka na kuwajibu pale pale mnapomchekea. Kama mnampeleka mahali ambapo hawezi kufika, basi badilisheni mwendo, badilisheni sauti, mwacheni nyumbani mnyonge wa watu. Mnayo simu inayofika mbali kuliko gari letu la sinema. Mimi nilikuwa na kisingizio cha kutojua utani huishia wapi. Ninyi nimewaambia.

Mmeniuliza mara nyingi kama naijutia kazi. Kazi siijutii, niliijua na niliiweza. Najutia neno lile nyuma ya ukumbi wa Iringa. Lilinipa jina na nyumba hii mnayokuja kunitembelea. Lilimfanya baba aliyezika mtoto achekwe kwa kifo cha mtoto wake, katika soko alilokuwa anapatia riziki, mpaka mwisho wa umri wake. Na mimi lilininyang'anya rafiki, ambaye ndiye mtu pekee aliyekuwa akinitukana nilipokosea. Bila yeye nilimwigiza mzee mmoja yule yule mpaka nikastaafu, nikizidi kuwa mbaya mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia.